Maswali na Majibu: Nilipie ushauri wa safari ya Disney, au tujipangie wenyewe?

SWALI: Kaka, habari za kazi? Tunaishi Dallas, Texas, na mwezi wa sita tunataka kuwapeleka watoto Disney World kule Florida kwa siku nne. Wa kwanza ana miaka 11, wa kati 6, na kitinda mimba atakuwa bado hajatimiza mitatu. Mtandaoni nimekutana na wauza ushauri wa namna tatu: tovuti yenye ada ndogo ya mwaka, inayotoa kalenda ya msongamano na mpango wa kila siku, dada mmoja anayetoza dola 250 kuniandikia ratiba nzima, na wakala wa safari anayesema kwake ni bure kabisa. Mume wangu anasema yote hayo yako YouTube. Nimsikilize nani? (Mama wa watatu, Dallas)

JIBU: Mama wa watatu, kwanza ujue unayemuuliza: mimi mwenyewe ni wakala, nakula kwa kamisheni, basi nisome ukilikumbuka hilo. Na mumeo, kusema kweli, amepatia zaidi ya nusu.

Tuanze na huyo wa bure. Hadanganyi. Disney humlipa wakala asilimia ya kile mteja anachonunua, na wewe huongezewi hata senti kwa kupitia kwake. Lakini riziki yetu kubwa iko kwenye vyumba vya hoteli na vifurushi. Tiketi peke yake hazituletei kitu cha maana. Ndiyo maana ukimwambia wakala kwamba mtalala kwa shangazi yako Kissimmee, mji wa jirani na Disney, sauti yake hupoa ghafla. Kama mtalala hoteli ya Disney, mtumie bila aibu kwa kazi zinazochosha: kuwinda punguzo litakalotangazwa baada ya wewe kulipia, kubadili tarehe, kukaa kwenye simu badala yako. Usitegemee kwamba atakwambia mchezo upi muanze nao saa tatu asubuhi. Wapo wanaojua, ila wengi wetu hatukai huko.

Dola 250 za ratiba ndizo zinazonitia shaka. Mteja wangu mmoja aliwahi kuniletea ratiba nene aliyoinunua kabla hatujafahamiana. Imepambwa, inavutia kusoma. Humo ndani akaambiwa achukue FastPass+, mfumo wa kukata foleni ndefu kwa kupita njia ya haraka, uliosimama bustani za michezo za Disney zilipofungwa kwa korona mwaka 2020 na haukurudi tena. Baada yake ilikuja njia ya haraka ya kulipia, Genie+, Oktoba 2021, nayo ikaipisha Lightning Lane Multi Pass Julai 2024. Aliyemuuzia alikuwa anachapa nakala ileile tu na kubadilisha jina la familia juu. Ukitaka kumpima dada yako huyo, muulize kwa upole: "Ile meli ya Liberty Square, kule bustani ya Magic Kingdom, tuipande asubuhi au jioni?" Meli hiyo iliondolewa Julai 2025, pamoja na mto wake. Akikupangia saa ya kuipanda, shukuru na uondoke.

Hata ratiba isiyochakaa ina adui, naye ni mvua. Mwezi wa sita Florida ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Watu wote hukimbilia ya ndani, foleni zinafura, na karatasi uliyoilipia haina la kukwambia. Ongeza mchezo ulioharibika asubuhi na mtoto aliyelala begani, kufikia saa sita mchana mpango umebaki jina.

Hapo ndipo tovuti ya ada ndogo inapoizidi ratiba ya bei kubwa, na sababu yake ni ya kiufundi. Tovuti kama TouringPlans hukusanya urefu wa foleni za kila mchezo, saa kwa saa, kwa miaka mingi, kisha hukisia siku yako itakavyokuwa. Halafu inapanga nini kitangulie. Ni hesabu ya mchuuzi anayetafuta njia fupi ya kupita maduka yote ya mji, ila huku kila duka foleni yake inabadilika wakati yeye bado yuko njiani. Kichwa cha mtu hakiwezi kuikokotoa vizuri kikiwa kinasukuma kigari cha mtoto juani. Unacholipia ni kile kitufe cha kupanga upya: mvua imenyesha, mmekula, bonyeza, unapata mpangilio mpya wa saa zilizobaki. Pia itakuonyesha kwamba muda wa kusubiri unaobandikwa mlangoni mara nyingi huzidi muda halisi, hasa bustani ikikaribia kufunga. Ukiingia kwenye foleni hata dakika moja kabla ya kufunga, utapanda. Kalenda ya msongamano yenyewe siiwekei uzito sana. Tarehe zenu zimeshaamuliwa na shule, itawasaidia tu kuchagua bustani ipi siku ipi.

Sasa sehemu ya mumeo, isiyohitaji kulipia. Pakueni programu ya simu ya Disney, My Disney Experience. Ni ya bure na inaonyesha foleni hata ukiwa sebuleni Dallas. Iangalieni kwa wiki moja, asubuhi, mchana na usiku, mtajifunza mengi kuliko kwenye video kumi. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu hahitaji tiketi. Mpimeni wa kati urefu kabla hamjamwahidi chochote: mchezo wa TRON unataka sentimita 122, Space Mountain 112, Rise of the Resistance 102. Kwa ajili ya kitinda mimba ulizeni utaratibu wa Rider Switch, ambapo mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kurudia foleni ndefu. Wageni wa hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine, na huweza kuchagua Lightning Lane siku saba kabla ya kufika, kwa siku zote za safari. Wanaolala nje hupata siku tatu kabla ya kila siku ya bustani.

Na siku ya Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, msimlipe mtu yeyote. Huko kuna kijiji cha kuigiza kinaitwa Harambe, kilichoigwa kwa sehemu kutoka Lamu, na magari ya Kilimanjaro Safaris yanaondokea hapo. Pandeni mapema asubuhi, wanyama wakiwa bado wanatembea. Watoto wenu watawasomea Wamarekani mabango ya Kiswahili.

Ningekuwa wewe ningelipia tovuti, ningemchukua wakala endapo tu mnalala hoteli ya Disney, na zile 250 nisingezitoa kwa ratiba. Ingekuwa mnasafiri na bibi anayetumia kiti cha magurudumu, au mtoto asiyeweza kustahimili foleni kwa sababu ya afya, jibu langu lingebadilika: hapo mtu anayezijua taratibu za huduma kwa wenye ulemavu, na anayepokea simu yako mkiwa ndani ya bustani, anastahili malipo yake. Kwenu nyinyi, pesa hiyo ielekezeni kwenye Lightning Lane ya siku ya Hollywood Studios, bustani nyingine ya Disney, ambako foleni za michezo mikubwa ndizo zinazowaliza wazazi. Bei yake hubadilika kwa tarehe, na uchaguzi hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Kwenu Dallas hiyo ni saa kumi na mbili, kwa hiyo kengele itegeni saa kumi na moja u nusu.