Terminali Inayojifunga Yenyewe Haihitaji Kompyuta Kufutwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho, Moshi. Kompyuta mpakato ya ofisi inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alituachia programu ndogo ya Python inayojumlisha kilo alizoleta kila mkulima. Ili nisiandike amri kila asubuhi, niliingia kwenye mipangilio ya terminali (dirisha la kuandikia amri) nikaiweka amri hiyo ndani ya wasifu (profile), yaani seti ya mipangilio ya dirisha hilo. Tangu hapo kila nikifungua terminali maandishi yanapita haraka, kisha dirisha linatoweka, na kwa kuwa terminali ndiyo niliyoizoea, sijui pa kuanzia. Fundi mmoja hapa mjini amenishauri kila kitu kifutwe na mfumo uwekwe upya, ilhali hesabu za msimu mzima zimo humo. Nifanye nini?
Karani, Kibosho

JIBU: Ndugu Karani, pole kwa usumbufu, na nakusihi usikubali kompyuta hiyo ifutwe. Mafaili yako ni mazima na mfumo wenyewe ni mzima. Kilichoharibika ni mpangilio mmoja tu wa programu ya terminali, na kuhatarisha hesabu za wakulima kwa sababu yake ni hasara isiyo na lazima.

Kwa kawaida terminali inapofunguka huiita Bash, ambayo hukaa ikisubiri uiandikie amri. Ulipouambia wasifu uendeshe amri maalumu badala ya Bash, terminali ilitii: inaendesha programu yako, programu inajumlisha kilo na kuchapisha jibu, kisha inamaliza kazi. Na kwa kuwa wasifu umepangwa kufunga dirisha mara amri inapokwisha, dirisha linaondoka kabla hujasoma hata mstari mmoja.

Anza na njia nyepesi. Bonyeza Alt na F2 kwa pamoja, na katika kisanduku kitakachotokea andika gnome-terminal --preferences kisha ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha la mipangilio peke yake. Chagua wasifu wako upande wa kushoto, nenda kwenye sehemu ya amri, uondoe alama ya tiki kwenye kisanduku cha amri maalumu. Ukihitaji terminali papo hapo kabla ya kurekebisha lolote, andika katika kisanduku hichohicho gnome-terminal -- bash, kwa maana amri inayotajwa wazi namna hiyo hutangulizwa mbele ya ile iliyomo kwenye wasifu.

Njia hiyo ikigoma, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja (kwenye baadhi ya kompyuta mpakato huna budi kushikilia na Fn). Skrini itakuwa nyeusi na utaombwa jina la mtumiaji na nywila; usishtuke kwamba nywila haionekani unapoiandika. Ukishaingia, hifadhi kwanza mipangilio iliyopo kwa kuandika dconf dump /org/gnome/terminal/ > terminali.txt, halafu andika dconf reset -f /org/gnome/terminal/ ili terminali irudi katika hali iliyokuja nayo. Rangi na ukubwa wa herufi ulivyovichagua vitapotea, lakini mafaili yako hayataguswa. Uwe mwangalifu na mlazo (/) wa mwisho na neno terminal lenyewe, kwa sababu ukiishia kwenye /org/gnome/ utafuta mipangilio ya eneo-kazi zima. Kurudi kwenye eneo-kazi, bonyeza Ctrl, Alt na F2; kwenye baadhi ya mashine ni F1.

Iwapo hata kwenye skrini hiyo nyeusi unatolewa nje mara tu unapoandika nywila, basi tatizo haliko kwenye wasifu, na pa kwanza pa kukagua ni faili la .bashrc, ambalo Bash hulisoma kila inapoanza. Fungua programu ya mafaili, bonyeza Ctrl na H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, ulifungue kwa kihariri maandishi na utafute mstari wenye neno exit au amri uliyoiongeza hivi karibuni.

Nia yako ya kupunguza kazi za asubuhi ni njema, na haifai kuiacha kwa sababu ya mkasa huu. Tengeneza wasifu wa pili, uupe jina Kahawa, na uuache ule wa kwanza kama ulivyo ili siku zote uwe na mlango wa kuingilia. Katika sehemu ya amri ya wasifu huo mpya andika bash -c "python3 /home/karani/kilo.py; exec bash", ukiweka mahali halisi faili lako lilipo. Sehemu ile ya mwisho, exec bash, huita Bash pindi hesabu zinapokwisha, hivyo dirisha litabaki wazi na utasoma jumla ya kila mkulima kwa utulivu. Kila asubuhi bonyeza Alt na F2, kisha andika gnome-terminal --profile=Kahawa.