Bei yangu ilikuwa ya chini, mbona zabuni nimekosa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala hapa Iringa, tuko vijana wanne kwenye karakana. Halmashauri moja ilitangaza kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, zabuni ya madawati 120. Niliweka Sh. 82,000 kwa dawati, aliyeshinda kaweka 97,000. Mimi nimeandikiwa tu "hakukidhi vigezo". Tuliambiwa sheria mpya ya ununuzi imekuja kumaliza ujanja. Imebadilisha nini hasa?
Fundi, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Hakukidhi vigezo" si sababu, na usikubali iishie hapo. Taasisi inapokutumia kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani inataka kumpa kazi, inapaswa kukutajia mshindi, bei yake, na wewe ulipoangukia. Kigezo kipi? Leseni? Hati ya kodi? Unene wa mbao? Wasilisha malalamiko kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi hiyo, humo humo kwenye NeST, ndani ya siku zilizotajwa kwenye hilo kusudio. Zikipita, mkataba unasainiwa. Jibu lisipokuridhisha, kata rufaa PPAA, yaani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Hao wanaweza kuitengua tuzo na kuamuru tathmini irudiwe.

Sasa bei. Nimefanya kazi ya ununuzi serikalini hadi nikastaafu, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili lako. Kamati ya tathmini haianzi na bei. Inaanza na nyaraka, inaingia kwenye ubora, na waliovuka hapo ndio bei zao hulinganishwa. Kuna sababu. Nimewahi kupokea madawati ya bei nzuri sana, mbao za paina ambazo hazijakauka. Muhula haujaisha, misumari imechomoza, kiti kinacheza kwenye maungio, mwalimu mkuu kayarundika nyuma ya darasa na watoto wamerudi sakafuni. Sisemi yako yangekuwa hivyo. Ila rudi kwenye masharti ya zabuni, soma walichoandika kuhusu aina ya mbao, ukaushaji na maungio, kisha ulinganishe na ulichojaza wewe. Mafundi wazuri wengi huanguka hapo kwa sababu hujaza bei kwa makini na hayo mengine kwa haraka.

Kuhusu sheria, mabadiliko ni makubwa na nayaunga mkono kwa moyo wote. Enzi za sheria ya 2011 nimesimamia sanduku la zabuni lenye makufuli, bahasha zimepigwa lakiri, na mzabuni kutoka wilayani akilazimika kulala gesti ili awahi kudumbukiza yake kabla ya saa nne asubuhi. Basi likiharibika njiani, kazi imempita. Sheria Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 17, 2024, inataka zabuni zipite kwenye mfumo wa kielektroniki. Leo unaomba ukiwa karakanani, na hakuna wa kukuambia bahasha yako haikuonekana.

Lakini vigezo bado vinaandikwa na mtu. Akiandika kwamba mtengeneza madawati awe ameshafanya kazi kadhaa za serikali, mfumo utakuengua wewe na vijana wako, na kwenye kumbukumbu kila kitu kitaonekana safi. Hapa mageuzi hayajafika, na linaniuma, maana ndipo mafundi wadogo wanapoachwa nje kimyakimya. Ningekuwa na sauti, kila sharti la uzoefu kwenye zabuni ndogo lingeambatana na maelezo ya kwa nini limewekwa.

Kwa sasa silaha yako iko kabla zabuni haijafungwa: omba ufafanuzi. Sharti halihusiani na kutengeneza dawati? Uliza limewekwa kwa nini. Jibu hupelekwa kwa wazabuni wote, na nimeona masharti yakirekebishwa kwa swali moja la mtu mmoja. Wengi hunyamaza wakiogopa kuitwa wakorofi. Kuuliza ni haki yako ya kisheria.

Halafu hamjatumia jambo moja. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wiki hii nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii, mwulizeni masharti ya kusajili kikundi chenu, kisha mkajisajili NeST kama kundi maalumu. Huko mtashindana na wenzenu, siyo na kampuni yenye malori.