Maswali ya Wasomaji: Watalii wa China na India Tutawapataje Huku Kusini?

SWALI: Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita hapa Mikindani. Kwa miaka mingi wageni wangu wametoka Ujerumani na Uingereza, wengi wao wakija kuona boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kupiga mbizi. Siku hizi kila semina ninayohudhuria tunahimizwa tugeukie masoko mapya, yaani China, India na nchi za Ghuba. Mwanangu anataka nilipie kijitabu cha rangi kilichotafsiriwa kwa Kichina ili kipelekwe kwenye maonyesho ya utalii nje ya nchi. Je, nitoe fedha hizo? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Shikamoo mama. Fedha hizo zishikilie kwanza. Kijitabu kinachogawiwa kwenye maonyesho makubwa huitangaza nchi nzima, na kazi hiyo ni ya Bodi ya Utalii pamoja na makampuni yenye mabasi na hoteli za vyumba mia. Mtu wa Shanghai ambaye hajawahi kusikia jina la Tanzania hawezi kuanza kuifahamu kwa vyumba sita vya Mikindani, hata kijitabu kikiandikwa kwa Kichina fasaha namna gani.

Nakushauri uanze na wageni ambao tayari wanalala mjini Mtwara. Korosho ghafi za mikoa yetu hununuliwa zaidi na India na Vietnam, na kila msimu unapofunguliwa, kuanzia Oktoba, utawakuta mjini mawakala, wakaguzi wa ubora na watu wa meli wakisubiri mzigo upimwe na kupakiwa. Watu hawa wana viza na nauli yao imekwisha kulipwa. Wanachokosa ni shughuli ya Jumamosi na Jumapili, hivyo hushinda chumbani wakiangalia simu ilhali Mikindani haifiki hata nusu saa kwa gari, na Msimbati, iliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, inafikika kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mkaguzi mmoja akirudi Mumbai au Kollam na picha za jumba la kale la Mikindani na za nyangumi aliowaona Oktoba wakipita na watoto wao, amekufanyia kazi ambayo kijitabu hakiiwezi, kwa sababu ndugu zake watamwuliza yeye jinsi ya kufika. Naye atakuwa na jibu jepesi: Air Tanzania huruka kati ya Mumbai na Dar es Salaam, na shirika hilo hilo hufika Mtwara.

Kabla hujawaalika, litazame jiko. Mwaka juzi nilimpeleka mkaguzi mmoja wa korosho, raia wa India, kwenye mgahawa wa mjini ambao jina lake naliacha. Kwa Kiswahili chake cha kujifunza alimwambia mhudumu, "Nataka wali na mboga." Mhudumu, kwa nia njema kabisa, akamletea wali na changu wa nazi, kwa kuwa kwetu mboga ni kitoweo chochote kinacholiwa na wali au ugali, awe samaki, nyama au mchicha. Mgeni akaeleza kwamba hali kiumbe chochote. Sahani ikarudishwa jikoni, kikaja kisamvu kizuri cha karanga ambacho, alipokigeuza kwa kijiko, kilikuwa na kamba wakavu ndani yake. Jioni ile alikula wali mtupu na ndizi mbili. Hakugomba, ila hakurudi pale, na sidhani kama aliwasifia wenzake mgahawa ule.

Kwa hiyo, mama, mpishi wako ajue kwamba wapo wageni wa India ambao hata sufuria iliyopikiwa samaki hawaitaki, na wapo Wajaini, wafuasi wa dini moja ya India, ambao hawali vitunguu, vitunguu saumu wala viazi. Jambo hili si gumu huku kwetu: kunde, mbaazi, choroko, nazi na korosho zenyewe zinapatikana sokoni kila siku. Sufuria mbili mpya na kikaango kimoja, vikitengwa kabisa, vitakugharimu kidogo sana ukilinganisha na kile kijitabu. Kwa wageni wa Ghuba huna haja ya kujifunza upya, kwani chakula halali, msikiti wa jirani na heshima kwa familia ni mambo ya kila siku Mikindani. Yaandike tu waziwazi kwenye tangazo lako, maana mgeni hawezi kuyakisia.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii Kilwa Masoko, navusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Nataka kuwafikia Wachina. Nimeweka picha nyingi Instagram lakini sijapata hata mmoja. Nikasome Kichina? (Kijana wa Kilwa)

JIBU: Mdogo wangu, Instagram, Facebook na WhatsApp zimefungwa China bara, pamoja na Google. Picha zako ni nzuri, lakini umezitundika mahali ambapo uliowakusudia hawapiti. Wao hutumia WeChat, na wanaopanga safari husoma simulizi za wenzao waliotangulia kwenye mtandao wa Xiaohongshu. Njia fupi ni kufahamiana na Wachina wanaoishi Dar es Salaam kwa kazi za ujenzi na biashara, ambao wanazo WeChat zao na wanahitaji pa kwenda kupumzika. Kichina ukipata nafasi kisome, ila usisubiri hadi ukimudu.

Silaha yako kubwa iko ardhini. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960 alipata vipande vingi vya vyombo vya kaure vya China, na hata leo maji yakipwa, mgeni hukuta kigae cheupe chenye mchoro wa buluu kimelala kwenye mchanga. Mruhusu akiinamie, akipige picha, kisha akiache pale pale, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita akakuta bakuli la kwao limevunjika ufukweni kwetu hahitaji maneno mengi. Nawasihi tu wewe na wenzako muache kuwaambia wageni kwamba Zheng He, amiri wa meli za China, alishuka Kilwa. Meli zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 15, lakini hayo ya Kilwa mmeyaongeza wenyewe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika kweli, mwaka 1331. Mtajeni huyo, hasa kwa Waarabu.

Tarehe nazo zizingatie. Wachina husafiri sana katika likizo mbili: mwaka mpya wao, unaoangukia Januari au Februari wakati mvua zetu zinanyesha, na wiki inayoanzia tarehe 1 Oktoba, wakati kumekauka. Elekeza nguvu zako kwenye hiyo ya Oktoba. Aidha, usimwahidi mtu wa mbali kwamba barabara ya Dar es Salaam hupitika wakati wote. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika na abiria wakakwama siku kadhaa. Halafu kuna malipo: lipa namba yako haimsaidii mgeni asiye na laini ya Tanzania, na wengi wao hawabebi noti. Ongea na nyumba ya wageni yenye mashine ya kadi ikupokelee malipo kwa makubaliano ya maandishi.

SWALI: Sisi wa Lindi tunaye mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru. Kwa nini hatumtangazi kwa watalii wa Asia? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Kwa sababu yuko Berlin. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na mifupa ya yule mkubwa sasa imesimamishwa kwenye makumbusho kule, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tendaguru penyewe mgeni atakuta kilima, nyasi na njia mbaya. Hadi patakapokuwa na jengo dogo la maonyesho na barabara ya kufika, mmtangaze kwa wanafunzi wa Lindi na Mtwara, ambao hata wakikuta kilima kitupu bado simulizi ile ni ya babu zao.