Mjukuu wa miaka 8 na Hifadhi ya Arusha: mpeleke, ila usimkimbize

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Dada, umeeleza kwamba mjukuu wako wa miaka 8 anakuja likizo ya Juni kutoka Mwanza, hela ya kwenda Ngorongoro haitoshi, goti linakusumbua, na unaogopa Hifadhi ya Taifa ya Arusha itamchosha mtoto kwa kuwa haina simba. Wengi waliokujibu wamekushauri usubiri mpaka upate hela ya Serengeti. Mimi nakuomba usisubiri. Nimezaliwa upande huu wa Mlima Meru na nimezeekea hukuhuku. Mjukuu wangu wa kiume, ambaye mimi na yeye tunaitana mume na mke kama ilivyo desturi yetu ya utani, nimempeleka akiwa na miaka 7 kwa gari, nikampeleka tena alipotimiza miaka 12, safari hiyo kwa miguu. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na simba. Ni kweli hawapo. Lakini hilohilo ndilo linaloifanya hifadhi hii imfae mtoto na mtu mwenye goti bovu. Eneo lenyewe si kubwa, na kutoka kona ya Usa River kwenye barabara ya Moshi mnapanda muda mfupi tu mmeshafika lango la Ngongongare. Mtoto hakai garini saa tano akitazama vumbi, akachoka kabla hajaona kitu. Halafu zipo sehemu zilizotengwa ambako mnaruhusiwa kushuka, mkanyoosha miguu, mkala. Nyati wapo wengi, chui na fisi wapo pia, kwa hiyo sisemi mshuke popote. Ila ukilinganisha na mbuga za tambarare, hapa mtoto anapata kukanyaga ardhi.

Kosa ninaloliona kwa familia nyingi ni kutaka kumaliza hifadhi yote kwa siku moja. Watu wanakwenda wakihesabu: twiga tayari, pundamilia tayari, twende, twende. Mtoto wa miaka 8 hahesabu hivyo. Yeye akipenda kitu kimoja, anataka akae nacho. Mwambie dereva mapema, kabla hamjaondoka nyumbani, kwamba nyinyi ni watu wa kusimama na kuzima injini. Ukimwambia mkiwa njiani ataona unampotezea muda.

Sisi tulisimama msituni, kati ya lango na njia ya kwenda kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano ya kale. Pale kuna mbega, wale weusi wenye joho jeupe mabegani na mkia mrefu wa manyoya. Mume wangu yule mdogo alikuwa ameshaanza kuuliza tutafika lini. Injini ilipozimwa tukasikia matawi yanatikisika, kisha wakaonekana watano au sita wametulia juu kabisa, wanatafuna majani. Mmoja alikuwa amempakata mtoto mweupe pee. Akaniuliza, “Bibi, yule ni wa nani? Mbona hafanani na mama yake?” Nikamweleza kwamba mbega wote huzaliwa weupe, weusi huja baadaye wanapokua. Nikamwambia pia amtazame mbega mikono: hana dole gumba kama letu, kimebaki kishina tu, na bado anaruka kutoka mti hadi mti asianguke. Basi akakunja dole gumba lake na kujaribu kushika kiti cha mbele kwa vidole vinne. Alikaa hivyo muda mrefu, anajaribu, anamtazama mbega, anajaribu tena. Simba gani angempa nafasi hiyo?

Ukitoka hapo panda Ngurdoto. Hii ndiyo iliyoanza kuwa hifadhi mwaka 1960, kwa jina la Ngurdoto, kabla sehemu ya Mlima Meru haijaongezwa na jina la Arusha kuanza kutumika mwaka 1967. Kreta ina upana unaozidi kilomita tatu, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuteremka chini; mnazunguka ukingoni na kutazama. Kuna sehemu kadhaa za kusimama, Mikindu na Leitong zikiwemo. Kwa goti lako, gari linakufikisha karibu kabisa na pa kutazamia, hatua ni chache. Beba darubini hata ya kuazima. Bila darubini nyati waliopo kule chini ni vidoa vyeusi kwenye majani, na mtoto atakuwa anakubali tu kwa heshima kwamba amewaona.

Ila tahadhari moja kuhusu Ngurdoto: njia ya ukingoni ni ya mwinuko na ikilowa inateleza vibaya. Noah ya mtaani itakupitisha barabara kuu kiangazi, lakini kwa kreta tafuta gari refu linalovuta magurudumu yote manne.

Sasa Momella, na hapa naomba univumilie maana napapenda.

Watu wengi huvifikia vile vilima na maziwa ya Momella wakapiga picha za heroe, hao flamingo, wakaondoka. Hawajui wamesimama wapi. Mlima Meru una mita 4,566, ni wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro, na zamani ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Miaka kama elfu nane iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ndiyo maana ukiutazama kutoka Momella unauona umefunguka kama chungu kilichomeguka mdomo upande mmoja. Mawe na tope vilishuka vikaenda mbali sana, kuelekea upande wa Kilimanjaro. Vile vilima vidogovidogo unavyovipita ni mabonge ya mlima wenyewe. Maji yalikusanyika kwenye mabonde yaliyobaki katikati, yakawa maziwa. Na ndani ya lile pengo kuna kilima cha majivu kilichoota baadaye. Mlima ulitoa moto kidogo kwa mara ya mwisho mwaka 1910.

Nilimweleza mjukuu haya tukiwa tumekaa kwenye nyasi karibu na ziwa, kwenye sehemu ya kupumzikia. Alinyamaza, akatazama kilima kilichokuwa mbele yetu, akatazama mlima, akanyoosha kidole kutoka kimoja hadi kingine. “Kwa hiyo hiki kilikuwa kule juu?” Ndiyo. “Na tulipokaa?” Hapa pia. Aliondoa mkono wake kwenye nyasi, akaurudisha polepole. Dada, hapo ndipo nilipoona kwamba safari imelipa. Mwambie wako hadithi hii mkiwa palepale mlima ukionekana. Ukimwambia mkiwa nyumbani ataisikia tu, lakini pale ataigusa.

Maziwa yenyewe ni ya magadi. Sisi tunaotia magadi kwenye makande tunaijua ladha hiyo, na ndivyo nilivyomweleza kwa nini hatukuona ng’ombe wala pundamilia wamejipanga kunywa pale. Kila ziwa lina rangi yake kidogo, kwa sababu chumvi zake na mimea midogo inayoota majini havilingani, na ndege nao huchagua ziwa la kula. Heroe hupata wekundu wao kwenye chakula hicho. Wapo siku nyingi, siku nyingine wamehama, basi usimwahidi mtoto heroe. Mwahidi ziwa.

Kuna jambo jingine nililompa pale, na sisi Wameru hatuwezi kulipita kimya. Barabara ile ikiendelea inafika Engare Nanyuki. Mwaka 1951 Wakoloni wa Kiingereza waliwaondoa watu wetu huko kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtoto wa miaka 7 hakuhitaji habari yote. Nilimwambia tu kwamba mtu wa mlima huu alisafiri mbali sana kudai nyumba za watu wake. Akiwa na miaka 12 aliniuliza mwenyewe mengine, nikamjibu yote. Wewe si Mmeru, sawa, lakini mjukuu akijua kwamba pale pana watu na si wanyama peke yao, ataitazama nchi yake vizuri zaidi.

Kuhusu kutembea kwa miguu. Najua umesoma kwamba Hifadhi ya Arusha ni ya kutembea, na ni kweli, lakini matembezi ya kuongozwa na askari mwenye bunduki kwa kawaida ni ya kuanzia miaka 12. Wako ana 8. Usimwahidi, akafika langoni akakatazwa mbele ya watu. Machozi ya mtoto aliyeahidiwa ni mazito. Mwambie kwamba hayo ni ya safari ijayo. Wangu alingoja miaka mitano na aliikumbuka ahadi kuliko mimi.

Siku hiyo ilipofika tulianzia lango la Momella kwenda maporomoko ya Tululusia. Mnavuka uwanda wa wazi wenye nyati na twiga, mnakwenda mstari mmoja, askari mbele. Alitupa maagizo machache: msiongee kwa sauti, msitangulie, nyati akisimama kuwatazama na nyinyi simameni, asikimbie mtu. Kijana wangu, ambaye nyumbani hasikii la muadhini wala la mteka maji, alitii kila neno. Askari alimwonyesha kinyesi cha twiga, akashangaa mnyama mrefu vile anaacha vigololi vidogo, kisha akamwonyesha shimo la ngiri na kumweleza kwamba ngiri huingia kinyumenyume ili meno yake yabaki yanatazama mlangoni. Nilitembea na fimbo yangu. Nilipopunguza mwendo, mjukuu ndiye aliyemwambia askari, “Tumsubiri bibi.” Alisema bila kuambiwa na mtu. Nimelea watoto na wajukuu, na bado neno lile lilinifuta uchovu wote.

Nikurudishe kwenye safari yako ya Juni. Baridi ya huku mwezi huo usiichukulie mzaha, hasa kwa mtoto wa Mwanza: sweta nzito, soksi, na kofia ya kufunika masikio. Mawingu ya Juni na Julai hukaa upande wa kusini wa mlima, pengine kutwa. Upande wa Momella huwa mkavu zaidi. Kwa hiyo mkifika Ngongongare mkakuta ukungu umefunga, msipande Ngurdoto kwanza, hamtaona kitu. Nendeni moja kwa moja Momella, mle huko, mrudi kreta mchana ukungu ukishapanda. Mfike langoni saa moja asubuhi; wanyama wanatembea na mtoto bado ana nguvu.

Beba kitambulisho chako cha NIDA ili ulipe kiwango cha mwananchi, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu wa chini ya miaka 5 hawalipi na wa umri wa huyo wako analipa kiwango cha watoto. Weka hela kwenye simu au kadi, usitegemee noti mkononi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Chakula fungeni kwenye mabakuli yenye vifuniko: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai. Nyani na tumbili wanajua ndizi inakaa upande gani wa kikapu, basi kuleni mmoja wenu akiwa macho. Na tafadhali mtoto asiwarushie chakula hata wakimfanyia uso wa huruma. Nyani aliyezoea kulishwa humparua mtoto anayefuata.

Kuhusu ulilouliza mwisho, kama mlale hukohuko au mrudi. Kwa mtoto wa miaka 8 rudini. Mkitoka kwenye maziwa saa tisa, mtapita tena ule uwanja wanaouita Serengeti Ndogo jua likiwa limelainika, na twiga huwa wametoka kula pembeni mwa barabara. Mzime injini kwa mara ya mwisho hapo. Kabla giza halijaingia mko Usa River, mtoto analala garini, na hela ambayo ungeitoa kwa chumba iweke akiba. Atakapotimiza miaka 12 mtaihitaji kumlipa askari wa Tululusia.