Kikopo cha mkojo, sindano ya figo na uso uliovimba: majibu kwa wenye lupasi

Tangu tulipogusia lupasi, barua nyingi zinazofika hapa zinaishia kwenye figo. Nimechagua saba. Tatu za kwanza nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinarudi kila wiki.

Shikamoo daktari. Nina miaka 26, niligunduliwa lupasi mwaka juzi. Viungo haviumi tena, vipele vya usoni vimekwisha. Lakini kila nikienda kliniki napewa kikopo cha mkojo. Mkojo wangu una kosa gani? (Dada wa Tanga)

Marahaba. Mkojo wako huenda hauna kosa lolote, na hilo ndilo wanalotaka kulijua kila mara. Lupasi ni kinga ya mwili iliyogeuka kumpiga mwenyewe. Kinga hiyo iliyopotoka hunasa kwenye vichujio vya figo, ambavyo kila figo inavyo kama milioni moja, na kuvichubua. Kichujio kilichochubuka huachia protini na damu zipite kwenda kwenye mkojo, na wala hakiumi. Hapo ndipo watu wanapopotea: ukitaja figo, mtu anashika kiuno. Kiuno kinachouma mara nyingi ni misuli au mgongo. Figo iliyoguswa na lupasi hujionyesha kwa mkojo wenye povu lisiloisha chooni, macho kuvimba asubuhi, viatu kubana jioni, au presha kupanda kwa msichana ambaye hajafika hata 30. Wengine hawaoni hata dalili moja.

Figo huguswa kwa karibu nusu ya wenye lupasi, na mara nyingi ni ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Wewe ndiyo kwanza uko humo. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, daktari haketi tena kusubiri. Pamoja na mkojo huangalia kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, na protini za kinga ziitwazo C3 na C4, ambavyo kwa kawaida hushuka lupasi inapowaka. Usiridhike na kreatinini peke yake. Inaweza kusoma vizuri kabisa huku protini ikimwagika. Na ukiwa kwenye hedhi siku ya kliniki, sema, maana damu hiyo huvuruga majibu.

Mke wangu ameambiwa achukuliwe kinyama cha figo. Shemeji zangu wanasema figo ikishatobolewa haiponi, na mmoja anasema huko ndiko figo zinakoibwa. (Mume mwenye wasiwasi, Mwanza)

Figo ina ukubwa wa ngumi, haipiti kwenye tundu la sindano. Waambie hivyo shemeji zako. Kinachotolewa ni vipande viwili vitatu vyembamba kama uzi, urefu wa sentimeta moja au mbili. Mkeo atalala kifudifudi, atachomwa ganzi mgongoni, na daktari ataongoza sindano kwa kuitazama figo kwenye utrasaundi. Baadaye atalazwa chali kwa saa kadhaa, wakimpima presha na kuutazama mkojo. Hatari iliyopo kweli ni kutoka damu. Mkojo kuwa na wekundu siku ya kwanza hutokea, ila damu nyingi ya kuhitaji matibabu ni nadra. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya siku yenyewe, asingoje kuulizwa.

Kwa nini wasimpe dawa tu? Kwa sababu ugonjwa wa figo unaoletwa na lupasi una madaraja sita, na wagonjwa wawili wenye protini ileile kwenye mkojo wanaweza kuwa na figo zisizofanana hata kidogo. Daraja la kwanza na la pili ni madogo. La tatu na la nne ndiyo moto wenyewe, na huzimwa kwa dawa nzito. La tano huvujisha protini nyingi na huleta hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. La sita ni makovu, na kummwagia dawa kali mtu mwenye makovu matupu ni kumtesa bure. Kinyama hicho ndicho kinachomwambia daktari mkeo yuko wapi. Mimi ningekuwa ndugu yake, ningemsindikiza.

Natumia prednisoloni, maikofenoleti, haidroksiklorokwini na dawa ya presha, ingawa presha yangu si mbaya. Uso umeumuka kama andazi na harusi ya dada yangu ni mwezi ujao. Nikipumzika wiki mbili tu kuna ubaya? (Binti wa Mombasa)

Mwanangu, upo ubaya, tena mkubwa. Ukitumia prednisoloni, ndiyo hiyo iliyoumua uso wako, kwa wiki nyingi, tezi zilizokaa juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata ghafla mwili hubaki mtupu: presha inashuka, unatapika, unaweza kuanguka na kufa. Dawa hiyo hushushwa ngazi kwa ngazi. Siku hizi madaktari hulenga kuifikisha miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo muulize wako bila haya: nitafika lini? Uso hurudi dozi ikishuka.

Maikofenoleti ndiyo inayozima moto kwenye figo. Wenzako wengine hupewa saiklofosfamaidi kwa dripu, miligramu 500 kila wiki mbili, mara sita. Moto ukipoa, dawa ya kulinda huendelea angalau miaka 3, na wengi huikatisha hapo hapo wanapojisikia wazima, kisha tunaonana nao tena wamevimba miguu. Haidroksiklorokwini watu huidharau kwa kuwa ni ndugu ya klorokwini ya malaria, lakini ndiyo inayozuia lupasi isirudi. Isizidi miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako. Macho hupimwa mwanzoni, halafu kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi figo zikiwa dhaifu. Ile ya presha, iwe enalaprili au losartani, hupunguza protini inayovuja, ndiyo maana umepewa.

Dawa hizi hushusha kinga. Homa ikikupata, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na harusini, kaa ndani jua likiwa kali, maana jua huamsha lupasi. Buibui na mtandio vitakusaidia kuliko vipodozi vyote.

Jirani ananiletea majani ya kusafisha figo, na anasema ninywe lita tano za maji kwa siku. Nimeacha pia mayai na maharage. (Mama, Morogoro)

Majani acha. Figo ndiyo inayosafisha, na kikombe cha kitu usichojua kilichomo ni mzigo juu ya mzigo. Maji kunywa kwa kiu. Ukiwa umevimba, lita tano zitakuvimbisha zaidi. Mayai na maharage rudisha kwa kiasi: protini iliyo kwenye mkojo inatoka kwenye damu yako, haikutoka kwenye sahani, na kujinyima kabisa kunakukondesha tu. Cha kupunguza ni chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ile ya ng'onda na ya viungo vya pakiti.

Nikiumwa kichwa au kifua, nanunua nini duka la dawa? (Msomaji, Arusha)

Panadol kwa kipimo chake. Diklofenaki na ibuprofeni hapana, zinaumiza figo. Septrin pia usijinunulie, ina salfa, na salfa inaweza kuichochea lupasi.

Nimeolewa miaka miwili, mama mkwe anauliza mjukuu. Figo zangu zimetulia. Naweza kubeba mimba? (Nairobi)

Wengi hubeba na kujifungua salama, ila mimba ipangwe. Figo ziwe zimetulia angalau miezi 6. Maikofenoleti huharibu mtoto tumboni: iachwe wiki 6 au zaidi kabla, na daktari akubadilishie azathioprini. Enalaprili na losartani nazo huondolewa. Haidroksiklorokwini inabaki, usiitupe. Aspirini ya dozi ndogo huongezwa baadaye kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Mpaka hapo tumia uzazi wa mpango, na kabla ya kuchagua vidonge uliza kama damu yako ina tabia ya kuganda. Mama mkwe mwambie daktari ndiye anayekuchelewesha.

Kaka yetu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya lupasi. Tukimpa figo, si lupasi itaila nayo? (Ndugu wa Dodoma)

Ni mara chache. Lupasi ya wengi hupoa figo zikishakufa, na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya ni zilezile zinazoidhibiti lupasi. Madaktari watataka itulie kwanza. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo kwenu ikafuata mwaka 2018, kwa hiyo safari yenu si ndefu. Wanaojitolea waanze kwa kupima kundi la damu, presha na sukari. Wakati mnasubiri, mkono wake uliotengenezwa mshipa wa kusafishia damu usitolewe damu wala kufungwa kipimo cha presha, hata nesi akiwa na haraka.