Chora kichochoro kizima, hata kilicho kisogoni

Ukitaka kutengeneza mandhari ya uhalisia pepe, yale ya kompyuta yanayomzunguka mtu akivaa miwani maalumu, anza na penseli. Mimi nililijua hilo baada ya hasara. Nilikuwa natengeneza kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar, ambamo mtu akivaa miwani anajikuta kasimama kati ya baraza na milango ya nakshi. Mlango mmoja ulinikesha wiki tatu, nikiupachika njumu za shaba moja moja kwenye programu. Siku ya majaribio watu walivaa, wakatazama mbele, wakasifu, wakavua. Mlango ulikuwa nyuma yao.

Siku hizi nailaza karatasi ya A4, napima mstatili wa sentimita 24 kwa 12 na kuugawa miraba ya sentimita moja moja. Kila mraba ni nyuzi 15. Hiyo 24 inamzunguka mtu nyuzi zote 360. Hiyo 12 inapanda kutoka unyayoni hadi juu ya utosi. Mstari wa katikati ni usawa wa macho, na ncha mbili za karatasi hukutana kisogoni.

Halafu nakata kadi yenye dirisha la upana wa sentimita 6, yaani nyuzi 90, karibu na kile miwani mingi huonyesha kwa mara moja. Naitembeza juu ya mchoro polepole, kama shingo inavyogeuka. Laiti ningekuwa nayo wakati ule, ningeuona mlango wangu umebanwa ukingoni kabisa mwa karatasi.

Usishtuke mistari ikipinda. Ukuta ulionyooka ubavuni mwako, hapa ukingo wake wa juu hujikunja kama upinde, ukipanda zaidi pale ulipo karibu nawe. Uache hivyo hivyo. Upige mchoro picha kwa simu, uukate kwenye mipaka ya mstatili, uufungue kwenye miwani kama picha ya nyuzi 360. Kuta zitanyooka, nawe utakuwa umesimama ndani ya penseli yako. Hakuna hatua ninayoipenda kuliko hii.

Mlango sikuuhamisha. Kichochoroni mtu hugeuka akisikia kitu, kwa hiyo nilimchora muuza kahawa barazani, kando ya mlango, anagonganisha vikombe. Kumchora kulinichukua dakika kumi. Majaribio yaliyofuata, vikombe vilipolia, shingo ziligeuka, na mtu mmoja akanyoosha mkono kuzigusa njumu.