Ngazi ya Juu Huja Mwisho: Kwa Mnaoanza Kujenga Tesauri

Nimeletewa rasimu nyingine ya tesauri, yaani orodha ya istilahi zilizopangwa kwa uhusiano wake ili kutafutia hati, ambayo vichwa vya juu vimeshajazwa, vimepangwa kwa alfabeti, vimepigiwa mstari, na chini yake hakuna kitu. Kichwa cha mwisho, kama kawaida, ni "Mengineyo". Wadogo zangu, nani huwa anawatuma?

1. Kusanyeni istilahi kwanza, kutoka kwenye hati zenyewe na kwenye maswali ya wanaokuja kutafuta. Vichwa vitajitokeza.

2. Msinakili muundo wa ofisi. Hapa nina kidonda. Tulikuwa tunaandaa tesauri ya nyaraka za kilimo, mifugo na uvuvi Tanzania Bara, na mimi ndiye niliyekuwa na kauli ya mwisho. Nikaona serikali imeshanifanyia kazi: idara zilizopo ndizo ziwe vichwa vya juu. Kikao kikaisha mapema, nikapongezwa, nikavimba kichwa.

Ukaja mwani. Mwani wa Tanga na Bagamoyo hauvuliwi, unapandwa; lakini unapandwa baharini, na wanaoushughulikia ni watu wa uvuvi. Mimi nikauweka Uvuvi. Mwenzangu, bila kuniuliza, akauweka Kilimo, na hakukosea zaidi yangu. Hati zikagawanyika, na kila mtafiti akaondoka na nusu akidhani amepata zote. Kikafuata kimeta, ambacho Mifugo waliking'ang'ania ingawa kinaua watu pia. Kila istilahi ngumu iligeuka kesi ya mipaka, na hakimu ni mimi.

Desemba 2015 serikali ikaunda Wizara moja ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wakubwa wakataka tesauri ifuate. Nikavunja vichwa, nikapanga upya kila istilahi pana iliyoning'inia chini yake, nikarekebisha hati zilizokwisha kuwekewa faharasa. Oktoba 2017 wizara ikagawanywa tena. Sikulala vizuri wiki ile. Mwani wenyewe uliendelea kuota Tanga bila habari na baraza la mawaziri.

Kilichotuokoa ni kuuliza kitu ni cha aina gani badala ya kuuliza ni cha nani. Mwani ni kiumbe. Kilimo cha mwani ni shughuli. Karagini inayotolewa humo ni dutu. Vichwa vitatu tofauti, vikiunganishwa kwa istilahi husiani (zile za "tazama pia"), na hakuna wizara inayoweza kuvigusa. AGROVOC, tesauri ya kilimo ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), imepangwa hivyo, na Ranganathan, mkutubi wa India, alishaligawa jambo hili kwa faseti, yaani kwa sura mbalimbali za kitu, tangu miaka ya 1930. Mimi niliyasoma haya chuoni, nikafaulu mtihani, nikayaacha ukumbini.

3. Pimeni kila tawi kwa "wote au baadhi". Kila sato ni samaki? Ndiyo, pita. Kila sato ni wa kufugwa? Nenda mwaloni Mwanza ukaulize.

4. Idadi ya vichwa isiwasumbue. Tesauri ya UNESCO ina maeneo makuu 7, AGROVOC ina dhana za juu (ndivyo vichwa vyake) 25, zote zinafanya kazi. Roget, katika tesauri yake ya maneno ya Kiingereza ya mwaka 1852, alitumia madaraja 6, ila yeye alikuwa anamsaidia mwandishi kupata neno. Mtu anayetafuta dawa ya kupe hawezi kuanzia "Mahusiano Dhahania".

5. Kwenye SKOS, muundo wa kuandikia tesauri kwa kompyuta, tangazeni dhana za juu waziwazi, msiache yatima, yaani dhana isiyo chini ya yoyote.

6. Futeni "Mengineyo". Leo. Niliwahi kufungua ya kijana mmoja nikakuta nyuki. Nyuki! Nikamwita.

"Mzee," akasema, "kwenye Mifugo hawamo, wako Maliasili. Na mwenye Misitu amesema hana nafasi."

Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana ni kama nilikuwa najisikia mimi mwenyewe nikiongea. Tukakaa. Nyuki ni wadudu, wadudu ni viumbe. Ufugaji nyuki ni shughuli. Asali na nta ni mazao. Tulimaliza kabla chai haijapoa, akarudi mezani kwake kuwatafutia popo mahali.